Kitanda cha mtiki, Noah moja na likizo ya Lushoto: jibu kwa dada wa Tabata

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Tabata, nalifupisha. Ameagiza kwa fundi wa Muheza kitanda cha 6 kwa 6, meza ya chakula ya viti sita na kabati la vyombo, vyote vya mtiki, advansi ameshatoa zaidi ya nusu na fundi kamwambia Krismasi atakuta tayari. Yeye, mume, watoto watatu na mama mkwe wanapanda Lushoto likizo ya Desemba na Noah yao. Mume anasema wakati wa kurudi wapitie Muheza, kitanda kifungwe juu ya keria, meza iingie nyuma kwa kulaza siti, kabati litafuata baadae. Dada anauliza kama inawezekana, wapite kwa fundi wakati wa kwenda au wa kurudi, na akague nini maana yeye sio mtu wa mbao.

Dada, naanza na la Noah ili tulimalize. Hapana, msifunge kitanda cha mtiki juu ya paa. Mtiki mkavu una uzito wa kama kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, sasa piga hesabu ya meza yako tu, ubao wa juu wa futi 6 kwa 3 wenye unene wa inchi moja na nusu unakaribia kilo 40, hapo miguu na fremu bado, viti sita bado. Kitanda cha 6 kwa 6 kilichotengenezwa sawasawa mara nyingi kinapita kilo 80. Magari mengi ya familia kiwanda kinaruhusu kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa, na humo humo kuna uzito wa keria yenyewe. Alafu Noah ya watu 8 Wajapani wameihesabia kilo 55 kwa kila mtu, yaani kama kilo 440 kwa jumla, nyie watu wazima watatu na watoto watatu na mabegi na madumu na hayo mapeasi ya Lushoto ambayo najua hamtaacha kununua, gari limeshajaa kabla hata hujagusa fenicha. Uzito ukiwa juu gari linayumba kwenye kona na breki zinachukua muda mrefu kusimamisha, na siti zikilazwa watoto wanakaa wapi? Mtoto kukaa pembeni ya ubao wa kilo 40 usiofungwa, gari likifunga breki ghafla ule ubao unakuja mbele na hakuna wa kuuzuia. Hilo mwambie baba watoto kwa upole lakini usilegeze.

Kwahiyo fenicha zipande gari lake na nyie mpande lenu. Gari gani, nitakuja huko chini, maana kabla ya usafiri kuna jambo kubwa zaidi ambalo hujaliuliza sawasawa, na hilo ndo litaamua kama hizo fenicha utakaa nazo miaka 30 au miaka miwili.

Umeuliza mpite kwenda au kurudi. Piteni mara mbili. Kutoka Dar mkifika Segera, kulia ni Muheza na Tanga, kushoto ni Korogwe, Mombo na Lushoto. Segera mpaka Muheza ni kama kilomita 40 tu, lami nzuri, ukienda na kurudi umepoteza saa mbili hivi pamoja na maongezi. Siku ya kwenda geuzeni kulia kwanza mkaone mzigo, ila mpigie fundi simu leo umwambie neno moja: siku hiyo nataka nikute vyote vimeungwa, vimepigwa msasa, lakini HAVIJAPAKWA kitu chochote. Sio rangi, sio sila ile inayotangulia vanishi, sio vanishi yenyewe. Fundi mzuri hatashangaa, na fundi akianza kuzunguka zunguka kwenye hili basi ujue kuna kitu anataka vanishi ikifiche.

Maana vanishi inaficha mengi sana dada. Ukikuta kitu kinang'aa utasema mashallah na utalipa. Mbao ikiwa kavu haijapakwa ndo inasema ukweli wake, na ndo wakati pekee ambao kurekebisha ni kazi ndogo. Alafu siku mtakazokuwa Lushoto ndo siku za vanishi kupakwa na kukauka. Mkipita tarehe 20 mkakagua, fundi anapaka 21 na 22, mzigo unapumzika Krismasi yote bila mtu kuugusa, mnauchukua 28 au 29. Hapo likizo yenu imefanya kazi na nyie mkiwa mnakunywa chai kule Irente mnaangalia tambarare za chini.

Sasa ukaguzi, hapa nitakaa kidogo.

Kwanza rangi ya mbao. Mtiki una kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya dhahabu kwenda kahawia, na una weupe wa nje. Sifa zote unazosikia za mtiki, kwamba hauliwi na wadudu, kwamba hauozi, ni sifa za kiini. Ule weupe wa nje bungua anaula kama anavyokula mbao nyingine. Miti yetu mingi ya mtiki ni ya mashamba, hapo Muheza kuna shamba la miti la Longuza chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na mashamba hupunguziwa miti ikiwa bado midogo, sasa mti mdogo weupe wake ni mwingi na kiini ni kidogo. Sio wizi, ndo mti ulivyo, lakini bei ya kiini na bei ya weupe haiwezi kuwa moja. Pinduka chini ya meza, angalia nyuma ya kabati, angalia chaga za kitanda na upande wa ndani wa zile mbao ndefu za pembeni. Ukiona mistari mipana ya rangi ya krimu kwenye sehemu zinazobeba uzito, hasa matendegu, mwambie abadilishe kipande hicho. Mafundi wengine wanapaka rangi ya kahawia ili weupe ufanane na kiini, na ndo sababu nyingine ya kusema usipake kitu mpaka nije.

Pili ukavu. Hili ndo linaua fenicha nyingi za Tanzania kuliko wadudu. Muulize fundi mbao alinunua lini na alizikausha vipi. Ubao wa inchi moja unataka miezi kadhaa kivulini, umepangwa kwa vijiti katikati upepo upite, na wa inchi mbili unataka zaidi. Kama amezipokea kutoka kwenye msumeno mwezi wa kumi na Desemba ni meza, haijakauka, haijalishi anavyokuapia. Kama ana ile mita ya kupimia unyevu vizuri sana, kwa hali ya hewa ya Pwani usomaji wa kama asilimia 12 mpaka 15 ni sawa, ukiona 20 na kuendelea hiyo mbao bado. Hana mita? Weka rula ndefu au ubao ulionyooka juu ya meza kwa upana, chungulia kama mwanga unapita katikati au pembeni, maana mbao mbichi ikianza kukauka inajikunja. Angalia ncha za mbao kama zina nyufa mpya. Pale mbao zilipoungana pitisha kucha, usisikie ngazi.

Una bahati moja kubwa ambayo hujaijua, Muheza na Dar hewa yake inafanana kwa unyevu, kwahiyo mbao iliyotulia kule na huku inatulia. Mtu anayetoa fenicha Dodoma kiangazi akazileta Dar anakuta droo zimegoma kufunguka masika yakianza, kwasababu mbao imekunywa unyevu ikavimba. Mtiki wenyewe ni mti mtulivu, unasinyaa kama asilimia 5 tu kwa upana ukitoka ubichi kabisa mpaka ukavu kabisa, ndo maana asili yake huko India na Myanmar walijengea meli. Lakini utulivu huo unategemea fundi ameuacha upumue, na hapa ndo naomba upige magoti uangalie chini ya meza: ubao wa juu umeshikwaje na fremu? Kama umepigwa gundi na misumari mzunguko mzima, siku moja utapasuka katikati, kwasababu unataka kupanuka na hauna pa kwenda. Unatakiwa ushikwe kwa skrubu kwenye matundu marefu kidogo au kwa vibanzi vinavyoweza kuteleza. Kazi ya nusu saa kwa fundi, na inaokoa meza.

Tatu maungio. Mtiki una mafuta ya asili na gundi haishiki vizuri kwenye uso uliokaa, inabidi fundi arande au apige msasa alafu afute na tina, ile ya kuyeyushia rangi, muda huo huo kabla ya kupaka gundi. Huwezi kuona hilo kwa macho, ila unaweza kumuuliza, na anayejua atakujibu haraka. Unachoweza kupima ni hiki: shika kiti nyuma ukitikise kwa nguvu kushoto kulia, kisipige kelele hata ndogo. Miguu iunganishwe kwa ulimi ulioingia tunduni, sio misumari tu iliyofunikwa na unga wa mbao na gundi. Pima kabati kwa futi kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, alafu kona zile nyingine, vipimo viwili vilingane, visipolingana kabati limekaa upande na milango itakusumbua siku zote. Fungua kila droo mpaka mwisho.

Nne vipimo vya kwako mwenyewe. Pima nafasi ya ndani ya kitanda, mafundi wengine futi 6 wanahesabu za nje na godoro likija halikai. Acha inchi moja ya ziada kwa mashuka. Na kabla hujatoka Tabata pima mlango wako, korido na ngazi kama mpo ghorofani, maana nimeona kabati zuri sana likikaa kibarazani miezi kwa kukosa inchi mbili.

Tano, na hili ni la lazima, kila kikubwa kifunguke. Kitanda kifungwe kwa bolti na nati, sio gundi. Miguu ya meza ifunguke. Kabati liwe vipande viwili, la chini na la juu. Kama fundi alishagundisha kila kitu mtafute leo leo, maana hapo hata gari la kubeba linabadilika.

Ukiridhika mpe sehemu ya pesa iliyobaki lakini zuia kiasi kinachouma, mimi napenda isipungue moja ya tano ya bei yote, mpaka siku ya kupakia. Msikubaliane kwa mdomo tu, andikeni kwenye karatasi au hata meseji, tarehe na nini kimebaki. Desemba mafundi wote wamejaza oda kupita uwezo na anayekumbukwa kwanza ni yule mwenye maandishi. Na umsisitizie asipulize vanishi siku ya mvua, vuli ya Tanga inaweza kunyesha mpaka mwisho wa mwaka, vanishi ile inayokauka haraka ikipulizwa kwenye unyevu mwingi inageuka nyeupe kama imepata ukungu na inabidi kurudia. Siku ya kuchukua bonyeza kidole gumba sehemu iliyojificha uhesabu mpaka kumi, ukiona alama imebaki au ukisikia harufu kali ya tina mzigo hautoki. Bora urudi Dar mikono mitupu ufuatwe na mzigo wiki ya pili ya Januari.

Usafiri sasa. Kirikuu, kale kapikap kadogo ka mjini, usichukue kwa mzigo huu, gari lile limetengenezewa kilo 350 na injini ya sisi 660, kupeleka Sinza ni sawa ila sio kutoka Muheza. Pikap ya tani moja inaweza kama vyote vimefunguliwa, lakini mimi ningetafuta Kenta, lile lori dogo. Kuna magari yanashusha bidhaa za Dar pale Tanga na Muheza na yanarudi tupu, fundi wako na mafundi jirani zake wanawajua madereva hao, bei ya gari linalorudi tupu ni nafuu sana kuliko kukodi kutoka Dar. Ila wiki ya Krismasi yanakuwa machache, weka miadi siku ile ile ya ukaguzi. Gari la jumla ya tani 3.5 na kuendelea linapita mizani, hilo ni la dereva, lakini uhesabie muda wake.

Karatasi. Hapa watu wengi wanajisahau wakidhani meza sio mbao tena. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 na kanuni zake zinataka mazao ya misitu yasafiri na hati ya kusafirishia, wenyewe tunaita TP, na kuhusu kusafirisha usiku waulizeni TFS kabla ya kupanga safari. Mpeleke fundi ofisi ya TFS ya wilaya mkiwa na orodha ya vitu, muwaeleze ni fenicha zilizokamilika za matumizi ya nyumbani, wawape utaratibu na karatasi zinazohitajika kwa mzigo wenu. Fundi atoe risiti ya EFD yenye jina lako na vitu vimetajwa kimoja kimoja, na nakala ya karatasi alizonunulia mbao. Fundi ambaye hana karatasi ya mbao zake anakuachia wewe ujieleze kwenye geti la ukaguzi barabarani, na mtiki wa Longuza ukiibwa unatafutwa kweli kweli. Fanyeni hili siku ya ukaguzi au siku ya kazi kabla ya sikukuu, msingoje tarehe 29 muanze kutafuta ofisa.

Kupakia simameni wenyewe. Nailoni isigusane moja kwa moja na vanishi mpya, jua la Mkata likipiga inagandia na kuacha alama, kwanza mablanketi au magunia masafi, turubai la juu ndo mwisho. Ubao wa meza usimame kwa ubavu ukiegemea ukuta wa gari na godoro kuukuu katikati, usilazwe ukawekewa vitu juu. Kabati lilale kwa mgongo au lisimame, kamwe lisilalie milango, na milango ifungwe kwa kitambaa, gundi ya selotepu inang'oa vanishi. Kamba zikipita kwenye kona weka boksi lililokunjwa chini yake. Kila kiungo kiandikwe kwa penseli upande wa ndani, A kwa A, B kwa B, na bolti zote ziingie kwenye mfuko mmoja unaokaa na WEWE kwenye Noah, sio na dereva. Mkifika Segera simameni mkaze kamba, zitakuwa zimelegea, na mkazie tena mvua ikinyesha kwasababu kamba ya nailoni ikilowa inarefuka.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Mlale Muheza au Tanga mjini usiku wa kuamkia, msishuke Lushoto siku hiyo hiyo, ule mlima wa kilomita 33 mpaka Mombo asubuhi ya Desemba unaweza kuwa na ukungu na mtachelewa gari la mzigo likiwasubiri. Muheza, Segera, Mkata, Wami, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, tembeeni nyuma ya gari la mzigo sio mbele, na kwenye vijiji ni 50, trafiki wapo na tochi zao na watoto wanavuka. Mkitoka mapema mnaingia Kibaha kabla ya foleni ya jioni na mnashusha mchana mkiona mnachoshusha. Msichague tarehe 24 wala 31.

Mkishafika, fungeni kitanda siku hiyo hiyo lakini bolti msizikaze mpaka mwisho, zikazeni baada ya wiki mbili mbao ikishazoea chumba. Kama chumba kina AC iwe ya wastani mwezi wa kwanza, chumba cha AC kinashusha unyevu wa mbao mpaka karibu asilimia 10 na unyevu ukishuka ghafla ndo nyufa zinapoanzia. Meza iwekeni mbali na dirisha la jua la mchana. Vyombo vya moto msiweke moja kwa moja juu yake kabla mwezi haujaisha, na ya kufutia ni kitambaa chenye maji kidogo tu kilichokamuliwa, hizo dawa za kung'arishia mnazouziwa mtaani ziacheni kwanza. Ukishaongea na fundi niandikie alichosema kuhusu tarehe aliyonunua mbao, hilo ndo naomba unijulishe kabla hujamtumia shilingi nyingine.